Ngamia wa Chama, Chapa ya Kaka

Kama gazeti lako la Jumamosi iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, usijali. Nitakuweka sawa upesi, maana leo Timiro hana muda, na mimi pia sina.

Timiro ni mwenyekiti wa Tunajitosha, chama cha kina mama wauza maziwa hapa Garissa. Mwenyekiti hasa, mwenye kiti cha plastiki chenye mikono, wakati wenzake wanakalia madebe. Chama hicho kilichanga kila Alhamisi kwa miaka, wengine wakichanga huku waume zao wakiwacheka, mpaka wakanunua ngamia wao wenyewe. Ngamia jike, wa maziwa, mwenye miguu mirefu na dharau nyingi. Walimwita Mheshimiwa, kwa sababu anakula mchana kutwa na ukimuuliza swali anakutemea mate. Mtoto wake wakamwita Karani, kwa sababu humfuata Mheshimiwa kila aendako akiomba kitu.

Sasa, kosa. Sanduku la chama lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wasiopendana. Lakini ngamia hafungwi kufuli. Ngamia hupigwa chapa ya moto, chapa ni ya ukoo, na ukoo ni wa wanaume. Hakuna mchungaji atakayemkubali kwenye kundi lake ngamia asiye na chapa. Akipotea, nani atamdai? Akila shamba la mtu, nani atalaumiwa? Kina mama waligombana wiki nzima juu ya chapa ya mume wa nani iwekwe, mpaka Timiro akachoka.

"Tuweke ya kaka yangu Abdow," alisema. "Ngamia atakaa na kundi lake. Ni alama tu."

Alama tu! Miezi kadhaa baadaye kijana mmoja wa ukoo wa Abdow akamgonga mtu kwa lori huko Eldas, mtu akafa. Wazee wa pande mbili walikaa, wakanywa chai, wakakubaliana dia, yaani ngamia wa kulipia damu ya marehemu. Kisha wakapita kwenye makundi ya ukoo wakichagua kila mwenye chapa yao waliyemwona amenona. Mheshimiwa alikuwa amenona kuliko wote. Akaenda kulipia damu ya mtu ambaye Tunajitosha haikuwahi hata kumuuzia kikombe cha maziwa.

Na ili mkosi ukamilike, marehemu huyo, Jelle, alikuwa binamu wa mbali wa Olow, mume wa Timiro. Kwa hiyo upande wa kaka yake ndio uliolipa, na upande wa mumewe ndio uliolipwa. Katikati alibaki Timiro, na hasara yote ikawa yake.

Karani peke yake ndiye hakuchukuliwa. Alikuwa bado hajapigwa chapa, na wazee ni watu wa haki, hawagusi kisicho chao. Abdow alimpakia kwenye pikapu akamrudisha kwa dada yake. Tulipoachia, Karani alikuwa amesimama uani kwa Timiro akilia, na majirani wanauliza ni nani anachinjwa.

Haya, tuendelee.

Alhamisi asubuhi Timiro alifika kwenye kibanda cha maziwa akakuta kiti chake kimekaliwa.

Aliyekikalia ni Khadra, makamu wake, ambaye amekuwa akikitazama kile kiti kwa jicho la mahaba tangu siku kiliponunuliwa.

"Nakipasha moto tu, abaayo, dada yangu," Khadra alisema, bila kuinuka.

"Kimeshapata moto. Inuka."

"Ngamia yuko wapi?"

"Unajua aliko."

"Najua. Sote tunajua. Tunataka kusikia kwa mdomo wako. Mume wangu ana chapa. Mume wa Sahara ana chapa. Hata mume wa Hawo, Mungu amrehemu, ana chapa na yuko kaburini. Nani alisema tuweke ya kaka yake?"

"Ningeweka ya mumeo, Khadra, Mheshimiwa angeshauzwa na pesa zake kutafunwa kwa miraa kabla kidonda cha chapa hakijapona."

Kina mama walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Khadra naye alicheka kidogo kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Lakini Sahara hakucheka. Sahara ndiye mkubwa wao kwa umri, mama wa sauti ya kuitia mbuzi, na siku hiyo alizungumza kwa sauti ya chini, jambo lililomtisha Timiro kuliko kelele.

"Timiro, tunakupenda," alisema. "Lakini mimi nilianza kumchangia huyu ngamia mjukuu wangu akiwa bado tumboni. Leo mjukuu anakwenda shule. Alhamisi nyingi nimelala na chai kavu ili mchango wangu ufike. Ngamia huyo ndiye kitu cha kwanza maishani ninachoweza kusema ni changu. Arudi. Asiporudi kabla ya Alhamisi ijayo, kiti kitapata mtu mwingine, na wewe utafute soko lingine la kuuzia maziwa."

Hakuna aliyempinga. Timiro aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alikuwa na shughuli na kifuniko cha debe lake. Iliuma, nasema kweli. Chama kile alikianzisha yeye, enzi walipokuwa wanne tu na sanduku lilikuwa kopo la maziwa ya unga.

Alitoka pale moja kwa moja kwenda kumtafuta Abdow.

Abdow alikuwa kwenye hoteli iliyo karibu na soko la mifugo, amekaa mbele ya glasi ya chai ya maziwa, bakora yake imeegemezwa ukutani.

"Hiyo chai ina maziwa ya nani?" Timiro alianza.

"Waalaykum salaam," Abdow alisema.

"Kaka, ulijua ni ngamia wetu."

"Nilijua."

"Ukamwachia aende?"

"Abaayo, wazee walimkuta na chapa. Ningesema nini? Kwamba nimempiga chapa ya baba yetu ngamia wa wanawake wa sokoni? Wangenicheka kutoka hapa mpaka Wajir."

"Kwa hiyo umempoteza ngamia wangu ili usichekwe."

"Ili nisiaibike. Kuchekwa na kuaibika ni vitu viwili."

"Na mimi je? Mimi si mtoto wa huyo baba? Mbona hamkuniuliza?"

Abdow alianza kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Si mtu mbaya, Abdow. Ni mtu wa kawaida, jambo ambalo wakati mwingine ni baya zaidi.

"Wewe umeolewa," alisema. "Huhesabiwi kwenye kulipa dia."

"Kumbe sihesabiwi kwenye kulipa," Timiro alisema, "ila nimelipa."

Timiro alitaka kulia lakini hakutaka kulia mbele ya wauza mbuzi. Akachukua ile glasi ya chai, akainywa yote mpaka chini, akairudisha mezani na kuondoka. Fidia ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa mwanzo.

Nyumbani alimkuta Olow mbele ya kioo.

Olow si mtu wa kioo. Ni mtu wa kununua mbuzi huku na kuwauza kule, na mbuzi hawajali sura ya mnunuzi. Lakini jioni ile ndevu zake zilikuwa zimepakwa hina mpya, rangi ya chungwa lililoiva. Alikuwa amevaa kikoi kipya, kile cha mistari ambacho wanaume wa huku hununua siku ya Idi, na ua mzima ulinukia mafuta ya uturi mpaka Karani akapiga chafya.

"Kuna harusi?" Timiro aliuliza.

"Mwanamume hawezi kuwa safi?"

"Anaweza. Ila sijawahi kuona."

Olow alicheka, na cheko lake lilikuwa refu kuliko mzaha wenyewe. Kisha akamtazama mkewe vizuri, akaona macho mekundu.

"Bado unawaza yule ngamia?"

"Wananifukuza, Olow. Alhamisi ijayo."

"Hawakufukuzi. Nisikilize." Alishusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali. "Ngamia huyo atarudi kwenye boma hili kwa miguu yake mwenyewe, inshallah. Wewe tulia tu. Usimfuate, usimuulize mtu."

"Umeongea na wazee wenu?"

"Nimeongea nao."

"Wamekubali?"

"Wamekubali wote."

Timiro alikaa kitako kwenye mkeka. Moyo wake ulijaa. Miaka yote hii alikuwa akiamini ameolewa na mtu wa mbuzi tu, kumbe ameolewa na mwanasiasa! Jioni hiyo alimpikia wali wa kukaanga na nyama ya mbuzi, akamwekea ini lote, na Olow akalila bila haya hata chembe.

Msomaji, nakuona unavyotikisa kichwa. Lakini wewe una faida, unasoma gazeti. Timiro alikuwa na mume tu.

Angetulia kweli kama alivyoambiwa, lakini Jumatatu Sahara aliingia uani akihema.

"Nimempata!"

"Nani?"

"Nani mwingine? Mheshimiwa! Wauza kuni wamemwona. Yuko kwenye boma moja nje ya mji, barabara ya Dadaab. Amepewa mjane wa Jelle. Wamemtoa mjane kule Eldas na watoto wake, wakamleta akae karibu na jamaa za marehemu mpaka eda yake iishe."

"Mjane yuko hapa Garissa? Olow hajaniambia."

"Waume hawaambii. Sasa sikiliza tamu. Mheshimiwa amekataa kukamuliwa! Mzee mmoja amepigwa teke la nyonga. Mwingine ametemewa mate machoni. Wa tatu alipoona hayo akakumbuka ana mgonjwa nyumbani."

Timiro alimgeukia Karani, ambaye wakati huo alikuwa akitafuna pembe ya mkeka.

Hapa sihitaji kumweleza mtu wa kwetu, lakini gazeti linafika mpaka Kisumu. Ngamia haachilii maziwa kwa sababu tu una kibuyu na njaa. Ni lazima mtoto wake asimame kando, anyonye kwanza, ndipo mama alegee na maziwa yashuke. Bila mtoto, utavuta chuchu mpaka mkono uote kibiongo.

"Sahara," Timiro alisema polepole, "wao wamechukua ngamia. Maziwa yake yako hapa uani, yananilia mkeka."

Wakaitwa wanachama waliokuwa karibu. Khadra alikuja wa kwanza, maana hakuna jambo linalotokea Garissa bila Khadra kuwepo. Timiro alishusha nikabu, akabaki macho tu.

"Sharti moja," aliwaambia. "Hakuna atakayesema mimi ni mke wa nani. Wakijua mume wangu ni wa ukoo wao, watasema mke amekuja kuunyang'anya ukoo mali yake, na Olow atanitenga. Leo mimi ni mwenyekiti, basi."

"Olow mwenyewe yuko wapi?" Khadra aliuliza.

"Amekwenda mjini kununua sukari."

"Ya chai?"

"Gunia zima. Sijui kwa nini."

Wakasimamisha tuktuk mbili. Dereva wa ile ya kwanza alikuwa kijana wa Mwingi, na alipoona abiria wa miguu minne akazima injini.

"Mama, hiyo ni ngamia."

"Ni mutoto," Sahara alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Miguu tu ndio refu. Bandisha."

"Atakaa wapi?"

"Yeye hapana kaa. Yeye nasimama. Wewe funga mudomo, fungua mulango."

"Na akininyea hapa ndani?"

"Wewe nabeba mabolitishan ya kura kila siku, nasafisha. Hii nyingine nasafisha pia."

Basi waliokuwa barabara ya Dadaab asubuhi ile waliona tuktuk imebeba wanawake watatu na shingo moja ndefu iliyotokeza nje kupigwa na upepo, na hawajaacha kuzungumza mpaka leo.

Kule kwenye boma hali ilikuwa mbaya kuliko walivyosikia. Wanaume kadhaa walikuwa wamejaza majani kwenye ngozi ya mbuzi, wameisimamisha kwa vijiti mbele ya Mheshimiwa, na mmoja anailiza kwa mdomo kama mtoto wa ngamia. Mheshimiwa aliitazama ile ngozi. Akamtazama yule mtu. Akatema.

Ndipo Karani akalia kutoka kwenye tuktuk.

Mheshimiwa alijibu kwa mlio uliowatoa kuku wote uani. Karani akaruka nje kabla tuktuk haijasimama, akaangusha mzee mmoja, akapiga magoti chini ya mama yake. Khadra, mwenye ulimi wote ule, alijifuta macho kwa ncha ya shungi akidhani haonwi.

"Alhamdulillahi!" alisema mzee aliyekuwa akisimamia mambo. Huyo ndiye Mzee Kerrow, aliyetoka Eldas pamoja na mjane na hakumfahamu mwanamke yeyote wa hapa mjini. "Mmemleta mtoto!"

"Tumemleta kumsalimia mama yake, adeer," Timiro alisema, akimwita ami kwa heshima. "Tunaondoka naye."

"Mtaondokaje naye? Mama na mtoto ni kitu kimoja."

"Ana chapa?"

Kerrow alimzunguka Karani. Akatazama shingo, akatazama paja, upande huu na upande ule, akainua hata mkia.

"Hana," alisema.

"Asiye na chapa si wa ukoo. Sikutunga mimi, mlitunga ninyi. Huyu ngamia alinunuliwa na wanawake, adeer, kwa michango yao, na akachukuliwa kwa sababu ya chapa tu. Haya, kwa chapa ni wenu. Lakini maziwa ni yetu, na yanarudi mjini na tuktuk."

Wanaume walinung'unika. Kerrow alimtazama yule mwanamke wa macho mawili, akacheka mpaka bakora ikatikisika.

"Ungezaliwa mwanamume ungetusumbua sana."

"Nimezaliwa mwanamke na bado nawasumbua."

"Kweli. Basi nisikilize, nami nikuambie ukweli. Huyu ngamia si wangu wala wa hawa. Amepewa mjane, kwa sharti. Jumatano eda inaisha. Wazee wamempangia dumaal, aolewe na mmoja wa jamaa za marehemu ili watoto wasitoke mikononi mwetu. Akikubali, anaingia na ngamia kwenye nyumba yake mpya, na ngamia ni wake, amfanyie atakalo. Akikataa, ngamia anarudi kwa ukoo."

"Na ukoo utamfanya nini?"

"Kuna mkutano mkubwa wa wazee mwezi huu," Kerrow alisema, na akaonekana kuona haya kidogo. "Watu watakula."

Sahara alishika mkono wa Timiro kwa nguvu.

"Mjane amesemaje?" Timiro aliuliza.

"Hajasema. Analia tu. Ingieni ninyi, ni wanawake wenzake."

Mjane aliitwa Ilhan. Alikuwa amekaa ndani ya kibanda kwa nguo nyeupe za msiba, binti wa umri mdogo kuliko walivyotegemea, na watoto wake wawili wanakunywa chai isiyo na maziwa. Timiro alitoka nje, akakamua Mheshimiwa mwenyewe huku Karani akinyonya upande wa pili, akarudi na kibuyu na kuwapa watoto. Walikunywa bila kupumua. Ilhan aliwatazama, akaanza kulia tena.

Walimweleza habari yote, tangu Alhamisi za kuchanga mpaka tuktuk.

"Wallahi sikujua," Ilhan alisema. "Ningejua ni jasho la wanawake ningemfungulia kamba usiku wa kwanza. Nitawarudishia. Ngamia akiwa wangu ni wenu siku hiyo hiyo. Nataka kitu kimoja tu, niingie kwenye chama chenu. Nimechoka kulishwa."

"Umeshaingia," Sahara alisema.

"Lakini si wangu mpaka niolewe. Nami naogopa. Huyo mwanamume ana mke."

Kina mama wote walimtazama mwenyekiti.

Timiro alijua vizuri kabisa anachotaka kufanya, na alijua si kizuri. Binti huyu alikuwa akiomba mtu mmoja amwambie anaruhusiwa kukataa. Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja. Kiti kilikuwa kinakuja, na Sahara na chai yake kavu, na mkutano wa wazee wenye njaa. Timiro alivuta pumzi, akakaa karibu na Ilhan, akamshika mkono.

"Abaayo," alisema, "kuwa mke wa pili si ugonjwa."

"Mkewe wanasema hata hajaambiwa."

"Hajaambiwa!" Khadra aliguna. "Maskini."

"Maskini wa nini?" Timiro alisema. "Mwanamke ambaye mumewe anaposa na yeye hana habari, huyo amelala usingizi. Wewe huwezi kuacha kuishi kwa ajili ya mtu aliyelala. Atalia siku mbili, ya tatu atapika."

Kina mama wakacheka. Timiro alipata moto.

"Na ninakuapia mbele ya hawa wote, wallahi, Jumatano nitakuja mwenyewe na chama kizima. Tutakuimbia, tutakupaka hina, na nitakushika mkono huu mpaka mlangoni kwa huyo bwana. Huyo mke akifungua domo, atanikuta mimi!"

Ilhan alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akajifuta uso, akainuka, akasogea kwenye pazia la mlango.

"Adeer Kerrow!" aliita. "Waambie wazee nimekubali!"

Nje wanaume walipiga takbiri. Ndani Sahara alipiga kigelegele kilichomfanya Karani aache kunyonya. Walikumbatiana, wakacheka, wakamkumbatia Timiro, na hata Khadra alimpigapiga mgongo akasema kiti ni chake mpaka kiama. Timiro alikuwa na furaha. Niandike hivyo wazi, kwa sababu haikudumu.

"Na bwana harusi jina lake nani?" Sahara aliuliza, akimalizia machozi ya furaha.

"Anaitwa Olow," Ilhan alisema. "Anafanya biashara ya mbuzi hapa mjini. Mnamfahamu? Amekuja asubuhi hii hii, ameleta gunia la sukari. Mtu mzima, ila ndevu amezipaka hina vizuri. Aliniambia nisiogope, kwamba huyu ngamia akiingia kwenye boma lake kwa miguu yake mwenyewe, mkewe atafurahi sana."

Sahara aliacha kujifuta macho.

Timiro alilikumbuka lile ini.

"Wanasema mkewe anauza maziwa kama ninyi," Ilhan aliendelea, macho yake yakienda kutoka uso hadi uso, bado anatabasamu. "Labda mnamjua. Ni mtu wa namna gani?"

Sahara alikitazama kibuyu. Hawo alitazama paa. Khadra peke yake ndiye aliyemgeukia yule mwanamke wa nikabu, aliyekuwa bado ameushika mkono wa bibi harusi na hajui jinsi ya kuuachia.

"Muulize mwenyekiti," Khadra alisema. "Yeye anamjua kuliko sisi sote."